Samadi au chumvichumvi, ipi inaiacha ardhi yako hai? Ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Mdogo wangu kapata heka tatu huku kwetu Songea, mbili za mahindi kwa juu na moja iko bondeni anataka aweke nyanya na kabichi, na wiki mbili sasa kila akinipigia swali ni lilelile, "dada nianze na samadi tu au niende na chumvichumvi kama wenzangu?" Nimemjibu vipandevipande kwenye simu mpaka nikaona bora niandike yote mahali pamoja, maana najua hayuko peke yake, kila mbolea ikipanda bei watu wanaanza kuulizia ogani, na kila mahindi yakigeuka njano watu wanakimbilia UREA, halafu udongo wenyewe hamna anayeuliza unaendeleaje.

Jibu la haraka kwa asiye na muda: uhai wa udongo unaamuliwa na mambo mawili, unaurudishia nini na unausumbua mara ngapi. Ogani inakulazimisha kurudisha, chumvichumvi inakuruhusu usahau, na wengi wetu tunasahau kweli.

Sasa kabla ya kulinganisha tuelewane tunalinganisha nini, maana watu wanasema ziko njia mbili na mi huku kijijini nahesabu nne. Ya kwanza ndio hii ya kisasa, yaani ya chumvichumvi, DAP ya kupandia, UREA au CAN ya kukuzia, dawa ya magugu, dawa ya wadudu. Ya pili ni ogani ya kweli, mboji, samadi, matandazo, mikunde, unabadilisha mazao, na hamna chochote cha kiwandani shambani. Ya tatu ndio ambayo hakuna anayeitaja, mtu hana hela ya mbolea, ng'ombe hana, mabua anachoma mwezi wa tisa au mifugo ya jirani inamalizia, mwaka unaofuata anapanda palepale mahindi yaleyale halafu anakwambia mi nalima kiasili. Hiyo jamani sio ogani, hiyo ni kuichuna ardhi. Kila gunia linalotoka shambani linaondoka na naitrojeni na fosforasi na potasiamu, na kama hakuna kinachorudi basi unakula akiba ya mababu na ipo siku inaisha. Ya nne ni mseto, samadi kiasi na mbolea ya dukani kiasi, na nitairudia kwasababu naona ndiko wengi wetu tutakapoishia.

Nani anaishi huko chini

Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri kinaweza kubeba bakteria hadi bilioni moja, hapo bado hujahesabu fangasi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, utitiri, na wale wakubwa tunaowajua wote, nyungunyungu, mchwa, majongoo. Hawa ndio wanaotafuna majani makavu na samadi mpaka yanakuwa chakula cha mmea, ndio wanaochimba vinjia ambavyo mvua inapitia kwenda chini, na ute wanaouacha ndio unaoshikanisha chembe za udongo zikawa yale madonge madogo laini yanayovunjika mkononi kama keki. Udongo usio na hao ukipigwa na mvua ya kwanza unayeyuka ukawa tope, jua likiwaka linakuwa sakafu na mbegu inashindwa kutoboa. Kwahiyo nikisema afya ya udongo simaanishi rutuba tu, unaweza kuwa na rutuba ya mfukoni mwaka huu na udongo wenyewe umeshachoka.

Chakula, hapa ndipo tofauti kubwa ilipo

Chukua mfuko wa UREA wa kilo 50. Ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 kamili, mmea unaipata haraka na matokeo unayaona ndani ya wiki. Ila nyungunyungu hana cha kutafuna humo. Ni chakula cha mmea, sio chakula cha udongo.

Sasa chukua samadi ya zizi iliyokauka vizuri, tuseme ina naitrojeni asilimia 1 (nyingi za kwetu zinazokaa juani na kunyeshewa ziko chini ya hapo, na hili ni kosa letu wenyewe, funika samadi yako kwa turubai au majani ya mgomba). Tani moja inakupa kilo 10. Kwahiyo kuufikia mfuko mmoja wa UREA unatafuta tani mbili na kilo mia tatu, za kubeba na mkokoteni au kichwani, na hata hiyo naitrojeni haitoki yote msimu wa kwanza, nyingine inakuja mwakani na mwaka wa keshokutwa. Ndio maana mtu akijaribu ogani msimu mmoja na samadi debe kumi anakata tamaa na kusema haifanyi kazi, hesabu ilikuwa imeshamkataa kabla hajapanda. Ila pamoja na hizo kilo za naitrojeni samadi imeleta na fosforasi, potasiamu, chokaa kidogo, na mzigo mkubwa wa mabaki ya majani ambao ndio chakula chenyewe cha hao viumbe.

Lakini tusizidishe. Ule usemi kwamba chumvichumvi inaua udongo siukubali ulivyo. Pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba linaitwa Broadbalk, ngano inapandwa tangu 1843, kuna vipande vinavyopata mbolea ya kiwandani tu muda wote huo, vingine samadi tu, vingine havipati chochote. Vile vya chumvichumvi havikufa, mboji yake ya udongoni iko juu kidogo kuliko vile visivyopata kitu, kwasababu ngano iliyoshiba inaacha mizizi mingi. Ila vile vya samadi viko mbali kabisa, mboji imezidi mara mbili ya visivyopata kitu. Kwahiyo ukiniuliza mimi mpangilio ni huu, samadi juu, chumvichumvi katikati, kutoweka kitu mwisho. Yule jirani anayejisifu hajawahi kuweka kemikali shambani lakini anachoma mabua kila mwaka, udongo wake uko nyuma ya anayeweka UREA na kuacha mabua chini.

Na hapa kwenye mabua kuna mtego. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi na naitrojeni kiduchu, ukiyafukia halafu ukapanda hapohapo, bakteria wanaoyaozesha wanachota naitrojeni ya udongoni wajijenge nayo miili, na mahindi yako yanageuka njano wewe unadhani ni ugonjwa. Yaache juu kama matandazo, au yafukie mapema kabisa, au yachanganye na samadi na majani mabichi kwenye lundo la mboji. Majani ya alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayoota pembezoni mwa barabara, ni mazuri mno kwa hili, majani yake makavu yana naitrojeni kama asilimia 3 na nusu na yanaoza upesi, na kuyakata ni bure.

Asidi, adui asiyeonekana

Hili ndilo ningependa kila mtu wa Ruvuma, Njombe, Mbozi na Rukwa alisome mara mbili. Udongo wetu wa nyanda za juu kusini sehemu nyingi ni wa asidi toka zamani, mvua imeshausafisha chokaa yake kwa maelfu ya miaka. Sasa DAP na UREA zikiingia udongoni, bakteria wanaibadilisha ile naitrojeni kuwa naitreti, na kila wakifanya hivyo asidi inaongezeka. Mwaka mmoja hauoni, miaka 10 au 15 ya DAP na UREA bila chokaa na bila samadi unaona, pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu iliyokuwa imelala inayeyuka, inaunguza ncha za mizizi, mizizi inabaki mifupi minene, na fosforasi unayoinunua ghali inanaswa na udongo mmea hauipati. Unaweka mfuko, unaongeza mfuko, mavuno yanashuka. Na hao viumbe wetu nao wanapungua, nyungunyungu hapendi asidi, bakteria wa kwenye mizizi ya maharage nao hawapendi, wanaobaki kuvumilia ni fangasi zaidi.

Ogani hapa iko mbele kwasababu samadi na mboji vinaizuia pH isianguke haraka, vinaibeba ile aluminiamu isiuchome mzizi. Lakini kama udongo umeshashuka mpaka 4 na kitu, samadi peke yake itachukua muda mrefu sana, unahitaji chokaa ya kilimo, na chokaa inaruhusiwa hata kwenye ogani kwasababu ni jiwe lililosagwa. Kwa anayelima kisasa chokaa sio hiari, na kama unaweza kubadilisha UREA kwa CAN fanya hivyo, asidi inayoongezwa na CAN ni pungufu kuliko ya UREA kwasababu nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti na inakuja na chokaa ndani. Usikisie kiasi cha kuweka, pima. Vituo vya TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) vya Uyole Mbeya na Mlingano Tanga, na SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro wanashughulika na udongo, chukua sampuli sehemu kumi za shamba, changanya, peleka.

Kitu kingine ambacho nashangaa hatukitumii vya kutosha ni Minjingu, ile fosfati inayochimbwa kule Manyara. Ni yetu, ni jiwe la asili, na ule unga wenyewe mtupu unakubalika kwenye ogani (zile zilizochanganywa na naitrojeni ya kiwandani hazihesabiwi). Uzuri wake inayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wa asidi, yaani ile asidi inayotusumbua ndiyo inayoifungua. Ukiweka kwenye udongo wenye chokaa nyingi utaisubiri sana.

Fangasi wa mizizi na vinundu vya maharage

Kuna fangasi wanaitwa maikoriza, wanaingia kwenye mzizi na kutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele mpaka mahali mzizi wenyewe haufiki, wanaleta fosforasi na maji, mmea unawalipa sukari. Ukimwaga fosforasi nyingi ya dukani mmea hauoni sababu ya kuwalipa tena, wanapungua. Ni hivyohivyo kwa maharage, ukiyawekea UREA nyingi hayahangaiki kutengeneza vile vinundu vya kwenye mizizi ambavyo vinakamata naitrojeni ya hewani bure. Ng'oa shina moja likiwa kwenye maua, pasua kinundu kwa kucha, kikiwa cha pinki au chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hakifanyi. Mkulima wa kisasa anaweza kuwalinda hawa kirahisi tu, asizidishe kipimo, aweke kwenye shimo sio kumwaga, kifuniko cha soda kimoja kwa shimo kinatosha sehemu nyingi.

Dawa, na hapa ogani isijisifu sana

Dawa za wadudu na za fangasi ndizo zinazowapiga viumbe wa udongoni moja kwa moja, na kwenye nyanya ndio balaa, mtu akiona kantangaze, yule mdudu wa nyanya, anapiga kila siku tatu anachanganya dawa mbili tatu kwenye solo moja ya kupulizia bila hata glavu. Ogani inamtoa kwenye hilo, mwarobaini, mitego, kupanda kwa mzunguko, na kwa hili peke yake shamba la mboga la ogani lina uhai ambao huwezi kuukosa, ukifukua tu wanakimbia.

Ila mrututu, ile dawa ya shaba. Ogani nyingi duniani zinaruhusu shaba kwa ajili ya bakajani na magonjwa ya kahawa kwasababu ni madini ya asili, na shaba haiozi, haiyeyuki ikapotea, inabaki pale kwenye sentimita za juu miaka na miaka, na nyungunyungu haiwezi. Kwenye mashamba ya kahawa ya zamani, Kilimanjaro na Kenya, shaba iliyolundikana udongoni ni jambo linalofahamika. Kwahiyo mtu wa Mbinga mwenye kahawa asijidanganye kwamba mrututu ni salama kwa ardhi kwasababu sio kemikali ya kisasa. Neno asili halijawahi kumlinda nyungunyungu.

Jembe

Hapa ogani inapoteza na lazima tuseme ukweli. Bila dawa ya magugu unapalilia, unatifua, unapalilia tena, na kila ukipindua udongo unawakata nyungunyungu, unazivunja nyuzi za fangasi, unaianika mboji kwenye hewa ikaungua haraka. Anayelima kilimo hifadhi, hatifui, anaacha mabua juu na anapiga dawa ya magugu mara moja kabla ya kupanda, anaweza kuwa na nyungunyungu wengi kuliko mtu wa ogani anayepiga plau mara mbili kwa msimu. Sisemi dawa ya magugu ni nzuri, glaifoseti nayo ina maswali yake na mi nyumbani siitumii, nasema tu jembe nalo lina madhara na hatulihesabu. Suluhisho la mtu wa ogani ni kufunika, matandazo mazito na mimea funikizi, magugu yanakosa jua na jembe linapumzika.

Huku kwetu hilo halikuanza jana. Wamatengo wa Mbinga na ngolo zao, wanalaza majani yaliyofyekwa kwenye mistari ya miraba, wanayafunika na udongo, katikati linabaki shimo, mlima umesimama kama ukuta lakini maji hayashuki na udongo, yanatulia mashimoni, na yale majani yanaozea chini ya maharage. Zaidi ya miaka 100 mteremko uleule. Na Wabenediktini wa Peramiho miaka ya 1980 waliihangaikia sana marejea, ile mikunde yenye maua ya njano, unaipanda msimu inafunika magugu, unaifukia kabla haijakomaa, jina lenyewe linakwambia kazi yake. Wazee wengi bado wanaikumbuka, muulize babu mbegu zilienda wapi.

Majaribio yanasemaje

Nimetaja Uingereza, ila mawili yananisaidia zaidi kuchagua.

La kwanza liko Therwil, karibu na Basel Uswisi, lilianza 1978, ogani na kisasa pembeni kwa pembeni kwenye udongo uleule. Baada ya miaka 21 walichapisha matokeo mwaka 2002. Mavuno ya ogani yalikuwa chini kwa wastani wa asilimia 20, lakini mbolea waliyoingiza ilikuwa pungufu kwa theluthi moja mpaka nusu. Nyungunyungu walikuwa mara 1.3 mpaka 3.2 ya wale wa kisasa, na urefu wa mizizi iliyoingiliwa na maikoriza ulizidi kwa asilimia 40. Viazi ndivyo vilivyoumia, ogani ilipata kama asilimia 60 tu ya kisasa, ngano ikapata 90. Kumbuka hilo kama unalima viazi Njombe.

La pili ni la kwetu kabisa, Kenya, Chuka na Thika, linaendeshwa tangu 2007 na FiBL, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa kilimo cha ogani, pamoja na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Hawa walifanya jambo la akili, hawakulinganisha ogani na kisasa tu, walilinganisha na za gharama kubwa na za gharama ndogo, yaani ogani ya mwenye uwezo, kisasa cha mwenye uwezo, ogani ya mnyonge na kisasa cha mnyonge. Kwenye gharama kubwa, kwa maana ya mboji nyingi, majani ya alizeti pori, fosfati ya jiwe na umwagiliaji, mahindi ya ogani yaliweza kuyafikia ya kisasa, na faida ikaja kuipita kisasa kuanzia mwaka wa tano pale bei ya ogani ilipopatikana sokoni. Kwenye gharama ndogo, mavuno ya ogani na ya kisasa hayakutofautiana cha maana, yote yalikuwa kidogo. Rudia kusoma hiyo. Ukiweka kidogo unapata kidogo hata uite jina gani. Ila hata hapo kwenye uhai wa udongo ogani ilionekana, mchwa kwa mfano walikuwa wengi kwenye vipande vya ogani vyenye matandazo, na mchwa sio adui tu, ni mchimbaji na mvunjaji wa mabaki, anashambulia mahindi zaidi pale anapokosa majani makavu ya kula.

Na kwa anayetaka picha ya dunia nzima, uchambuzi uliokusanya majaribio mengi na kutoka 2017 ulikuta wingi na utendaji wa vijidudu vya udongoni kwenye ogani uko juu kwa asilimia 32 mpaka 84. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaletwa na vitu vya kuoza vinavyoingizwa, mzunguko wa mazao na mikunde, mambo ambayo hata wa kisasa hajakatazwa kuyafanya.

Hela na mgongo

Kisasa kinakula hela mwanzoni mwa msimu, ogani inakula mgongo. Kubeba, kukata majani, kugeuza lundo, kupalilia, na kazi hii nyingi inaangukia kina mama na watoto, kwahiyo baba akisema tunahamia ogani waulize kwanza watakaobeba. Bei ya juu ya ogani ipo lakini haiji yenyewe, unahitaji cheti au kikundi kinachokaguana chenye alama ya Kilimohai, na ukitaka kuuza Ulaya mazao ya msimu yanasubiri miaka 2 ya mpito, ya kudumu kama kahawa miaka 3. Miaka hiyo ya mpito ndiyo migumu, mavuno yameshashuka na bei bado ni ya kawaida. Pale Meatu wakulima wa pamba ya ogani wamekaa kwenye mradi wenye mnunuzi wa uhakika tangu miaka ya 1990, ndio tofauti, mnunuzi yupo. Nyanya za ogani sokoni Songea mjini zinauzwa bei moja na zile zilizopigwa dawa jana, na hili linaniuma.

Na usihame kwa mkupuo. Sri Lanka, Aprili 2021, serikali ilipiga marufuku mbolea za kiwandani nchi nzima bila kuwa na samadi ya kutosha mbadala, mpunga ukaanguka, Novemba mwaka uleule wakarudi nyuma. Udongo uliozoea UREA miaka 20 unaweza kuwa na wafanyakazi wachache, ukiikata ghafla huenda wasikuozeshee hiyo samadi kwa kasi unayoitaka.

Sasa uchague nini

Kama una robo heka au nusu ya mboga karibu na nyumba, una ng'ombe wawili wa ndani au kuku, na maji yapo, nenda ogani na usiwaze mara mbili. Eneo dogo mboji inatosha, unakula mwenyewe, watoto wanacheza humo. Bondeni kwa mdogo wangu jibu ndio hilo, ila aanze na nusu ya ile heka sio yote.

Kama una mahindi heka mbili kwenda juu na samadi ni ya mkokoteni mitano tu, mseto. Samadi yote weka kwenye mashimo, kiganja kimoja kila shimo, usiitawanye shamba zima ikapotea. Juu yake kifuniko cha soda cha mbolea ya kupandia, ya kukuzia nusu ya ulichozoea ukigawa mara mbili, mbaazi au kunde katikati ya mistari, mabua yasichomwe, chokaa kama kipimo kimesema. Utaona mfuko mmoja unafanya kazi zaidi kwasababu udongo wenye mboji unaishika mbolea isisombwe na mvua.

Kama unalima viazi au nyanya za biashara kwa mkopo, usijaribu ogani kamili kwenye shamba lote msimu huu, bakajani haitakusubiri ujifunze. Punguza dawa, pokezana mazao, jaza mboji, jifunzie kwenye kipande.

Na kama hauna chochote, sio samadi sio hela, basi anza na kile cha bure, acha kuchoma, kata alizeti pori, panda marejea au fiwi kwenye kipande kimoja ukipumzishe. Huyo ndiye ambaye ardhi yake inakufa haraka zaidi na ndiye ambaye hakuna anayemwandikia.

Kuna kipimo kimoja nimemwambia mdogo wangu akifanye mwenyewe mvua zikishakolea mwezi wa kumi na mbili. Chukua vitambaa vitatu vya pamba tupu, shuka la zamani linafaa, visiwe na nailoni, kila kimoja upana wa viganja viwili. Zika kimoja kule juu kwenye mahindi, kimoja bondeni, kimoja pembeni chini ya miti ambapo hapajawahi kulimwa, kina cha sentimita 10 hivi, weka kijiti cha alama, acha siku 60. Ukifukua huenda ukakuta kile cha chini ya miti kimebaki nyuzinyuzi. Vile viwili vya shambani ndio vitakuonyesha wanaokula huko chini wamebaki wangapi, na kitakachotoka kizima kama ulivyokizika, hapo ndipo samadi ya kwanza iende.